Wifi, Uzi Wako Umenivua Nguo

Kwako Wifi yangu mheshimiwa, fundi wa ukoo na mkaguzi wa mishono ya wenzako,

Mimi ni mzima, isipokuwa kidole kimoja ambacho sindano ya mashine imekizoea. Naandika kwa heshima zote kuhusu mfarishi wa mama mkwe, lile blanketi la tabaka tatu uliloniamuru nimshonee mwenyewe. Tangu niolewe kwenu naitwa "mke wa kaka". Nilitaka mama ajifunike, aniite mwanangu. Basi sikiliza.

1. Uliniambia nishushe meno ya mashine, yale yanayovuta kitambaa, nikizungushe mwenyewe kwa mikono, niwe huru. Uhuru gani huo? Mguu ukikimbia, mikono ikachelewa, mishono inarundikana kama siafu. Mikono ikikimbia, mguu ukazubaa, inaruka hatua ndefu. Ati nitafute mwendo mmoja wa mkono na mguu! Mimi na kaka yako hatujaupata hata wa kwenda sokoni.

2. Ulisema nijizoeze kwanza kwenye vipande vibovu. Mimi si mtoto, nikaanza na mfarishi wenyewe. Ungenikataza kwa ukali ningesikia. Asante kwa upole wako.

3. Uzi. Hapa ndipo penye donda. Kitambaa ni buluu iliyoiva, nami niliomba uzi mwembamba wa buluu hiyohiyo, uzame, tusitiriane. Wewe ukaniletea mnene, mweupe pepepe, eti mama anapenda kazi inayoonekana. Haya, imeonekana! Maua yote niliyoyashona yamekuwa viazi. Jirani yetu kinyozi, aliyekuja kuazima ngazi tu, aliuliza ni nani aliyegombana na blanketi.

4. Upande wa chini nyuzi zimejenga kiota, bado ndege tu kuja kutaga. Wewe unasema uzi wa juu umelegea. Mimi nasema ni husuda.

Ndiyo, husuda! Umepanga nionekane sina mkono, ili ubaki binti peke yako. Kwa hiyo naomba machache tu: uje na wembe, ufumue wote wewe mwenyewe, ulete uzi mwembamba, halafu uape mbele ya mama kwamba viazi ulishona wewe. Kwa roho safi kama yako, hilo si kubwa.

Msalimie mumeo, watoto, na mashine yako isiyokosea.

Ni mimi, mke wa kaka.

Tanbihi: Mama ameingia kabla sijauficha mfarishi. Ameufuata uzi kwa kidole, kiazi baada ya kiazi, mpaka kwenye kona iliyorundikana vibaya kuliko zote. Akaniambia, mwanangu, hapa mguu ulikimbia kwa hasira, ulikuwa unanisema mimi. Wifi, haki ya Mungu, nilikuwa namsema! Amecheka mpaka akashika mbavu, kisha kajifunika, kalala, na kapiga marufuku kufumua hata mshono mmoja. Wembe acha hukohuko. Lete uzi uleule mnene, mweupe, maana anataka na foronya ya kufanana na mfarishi, aone huko nitamsema wapi.