Filamu Yangu na Masikio ya Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Nimemaliza kupiga filamu. Filamu, si video ya wimbo! Miaka yote hii nimepiga video za wasichana wakicheza kando ya magari ya kuazima, na miaka yote hii baba mkwe huwaambia wageni kwamba mume wa binti yake anahangaika na kamera. Mbele yangu. Jumapili naionyesha, naye atakaa kiti cha mbele ukumbini, aone mwenyewe. Nataka aseme neno moja tu: hongera.

Jumanne, 4 Juni
Nimekaa kuhariri. Kimya. Nikapandisha sauti hadi mwisho. Kimya. Filamu nzima haina sauti! Nikampigia Kipara, mpiga picha wangu. Akajibu bila hata aibu kwamba tangu tuanze kazi sijawahi kumwomba sauti. Sauti huwa inatoka studio na wimbo wake. Nimemtukana mpaka simu ikaisha chaji.

Jumatano, 5 Juni
Nimewaita waigizaji studio warudie maneno. Hakuna anayeyakumbuka. Eti sikuwapa maneno, niliwaambia waseme chochote ila kwa hisia. Nyota wangu ni shemeji, mdogo wa mke wangu. Kajitazama kwenye skrini akilia mlangoni, kisha akasema anadhani hapo alikuwa anauliza kama chakula kimeiva. Hilo ndilo tukio la kuachana! Nimewafukuza wote.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa ni riwaya. Naiandika hadithi yote, natoa fotokopi, kila mtazamaji anapewa yake mlangoni, anasoma huku anatazama. Na mimi nakuwa mwandishi. Mke wangu kasoma kurasa thelathini, akauliza mbona huyu mwanamume bado anatembea polepole kuelekea mlangoni, shati linapepea. Nikamuuliza yeye ameandika vitabu vingapi. Amekwenda kulala chumba cha watoto.

Jumapili, 9 Juni
Ukumbi ulijaa. Kila mtu na riwaya yake mkononi. Mara mtu wa ukumbi akazima taa. Nani alimwambia azime taa! Watu wakakaa gizani, vitabu mapajani, wakitazama midomo ikichezacheza. Kipara alikuwa anacheka, niliona mabega yake yakitikisika. Baba mkwe akawa anakigonga kifaa chake cha kusikia, anakitoa, anakipuliza, anakirudisha. Mwishoni akanishika mkono, macho yamelowa. Akasema hongera mwanangu, picha nzuri sana, ila masikio yangu ndiyo basi tena. Nikasema pole, baba. Ningesema nini? Mke wangu alikuwa nyuma yangu, na alisikia.

Jumatatu, 10 Juni
Mzee kapoteza asubuhi nzima kwa daktari wa masikio, ndipo mke wangu akamwambia ukweli. Adui yuko ndani ya nyumba! Mzee akaja na riwaya kwapani. Ameisoma yote. Alisema hata kitabuni hakuna mtu anayesema neno, na sasa amenielewa: mimi huwatazama watu tu, simsikilizi yeyote. Hongera yake anaifuta. Iliniuma sana, nikataka kujibu. Lakini alikuwa amesimama dirishani, mwanga umempiga shavuni, mishipa ya shingo imemtoka. Uso gani ule! Aliendelea kusema kwa muda mrefu, sijui alisema nini.

Nimempigia Kipara. Kesho tunaanza filamu ya pili, inahusu mzee mwenye hasira. Akauliza habari ya sauti. Nimemwambia asinipotezee muda, sauti tutaiweka baadaye.