Jina la Lala Mororo

Fundi wa mabango alikuwa juu ya ngazi, amefika herufi ya nne, pale Meneja alipopita chini akanusa riziki. Meneja hakuwa meneja wa kitu chochote. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya koti lake, naye akalipokea kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Fundi, unaandika nini?"

"Lala Mororo. Kiwanda cha magodoro, kinafunguliwa karibuni."

"Wana tovuti?"

"Mimi nina rangi tu, bwana."

Kabla fundi hajamaliza herufi ya mwisho, Meneja alikuwa kivulini na simu yake, na jina la Lala Mororo mtandaoni lilikuwa mali yake. Akasajili na majina yote yanayofanana nalo: lenye kistari katikati, lisilo na kistari, hata lenye makosa ya tahajia, kwa ajili ya wateja wenye haraka. Pesa ilikuwa ya mke wake, aliyokuwa akiiweka ili wahamie nyumba yenye bafu lao wenyewe. Meneja hakuuita wizi. Aliuita uwekezaji, na mara nyingi tofauti ya maneno hayo mawili ni koti tu.

Kesho yake alikuwa mbele ya mwenye kiwanda, mama mmoja wa maneno machache ambaye watu walimwita Mama Godoro. Ofisi ilijaa sponji. Kiti alichopewa Meneja kilimmeza mpaka magoti yakawa sawa na kidevu, na ikambidi ataje bei akiwa katika hali hiyo.

"Yaani mwanangu, jina langu sasa ni lako?"

"Mama, mtandaoni anayewahi ndiye mwenyewe. Nimekuhifadhia tu, lisije likaangukia kwa matapeli."

"Umefanya jambo la maana."

Mama Godoro akaguna kidogo, akaikubali bei, wakapeana mkono. Malipo yangekuwa mwisho wa wiki. Meneja alifika nyumbani akamwagiza mke wake aanze kufunga mizigo.

Mwisho wa wiki ukapita. Kila alipopigiwa simu, Mama Godoro alikuwa mpole kupita kiasi: "Nivumilie kidogo, mwanangu." Upole huo ukamkosesha Meneja usingizi. Akaona heri amtafutie mama yule mshindani, na mshindani wa bei nafuu kuliko wote alikuwa mke wake.

Mke alijifungia katika bafu la wapangaji, kwa kuwa ndimo mlimokuwa na mwangwi wa ofisi kubwa. Akapiga simu kama katibu wa kampuni ya ng'ambo iliyolitaka jina lile kwa bei maradufu.

"Mnalitakia nini?" Mama Godoro akauliza.

Mke hakuwa ameandaliwa jibu, basi akasema lililomjia. Alieleza habari za migongo ya wanawake wanaoshinda wameinama, na wanavyolala chali wakihesabu mabati mpaka kunakucha. Alieleza vizuri hivi kwamba Meneja, aliyetega sikio nje ya mlango, alitamani kununua godoro. Ndipo jirani mwenye taulo begani akamsukuma kando, akaugonga mlango kwa ngumi.

"Wewe uliye humo bafuni, maliza. Wenzio tunachelewa kazini."

Kelele hizo zikafika mpaka kwenye simu. "Ahsante, dada," Mama Godoro akasema. "Nimeelewa."

Jioni akampigia Meneja. "Mwanangu, nimeghairi. Wape wale wa ng'ambo."

"Mama, si tulipeana mkono?"

"Nilikupa wangu, ukanirudishia. Hatudaiani."

"Lakini hata wale wa ng'ambo wameghairi."

"Pole sana. Wanunuzi siku hizi hatuaminiki."

Meneja alikasirika kwa dhati. Alizunguka mtaa mzima akilalamika kwamba dunia haina uaminifu tena: mnunuzi mmoja kavunja ahadi, na wa pili, ambaye hata hakuwapo, naye kavunja. Akalitembeza jina kwa wauza magodoro wengine. Hakuna aliyetaka jina la mwenzake.

Siku aliyopita tena kiwandani, bango lilikuwa limepakwa rangi upya. Sasa lilisomeka "Mama Godoro". Akatoa simu haraka ili alisajili na hilo. Likaonekana limeshachukuliwa.

Nyumbani alimkuta mke wake anapiga pasi blauzi. Masanduku yalikuwa mlangoni, kama alivyoagiza mwenyewe, ila nguo za Meneja zilikuwa bado zinaning'inia msumarini.

"Mama Godoro alinipigia kwa namba ile niliyotumia bafuni," mke akasema. "Alitucheka sana. Halafu akaniuliza maneno yale ya migongo niliyatoa wapi. Nimepata kazi, kitengo cha mauzo, na nyumba ya wafanyakazi. Jina jipya nimelisajili mimi asubuhi."

"Umenizunguka, mke wangu."

"Kwa pesa yangu safari hii."

Meneja akakaa kitandani, akafikiri. Hasira ilimtoka upesi. Hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite.

"Basi nitaje kwake. Mwambie una mume anayejua mambo ya mtandao."

"Ameshaniuliza kama nimeolewa."

"Ukamjibuje?"

Mke alivaa blauzi, akafunga vifungo bila haraka, akainua sanduku la kwanza.

"Nikamwambia mazungumzo bado yanaendelea."