Nyuzi za Gitaa Langu Bado Zi Hai

Shamba la Minazi, Miburani,
Mafia.
Novemba 1952

Bwana Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, na salamu zangu ni za kweli, maana sina ugomvi na wewe mpaka aya inayofuata.

Katika gazeti lako la mwezi uliopita, ukurasa wa maswali, msomaji mmoja wa Tanga aliuliza nyuzi za chuma za gitaa hudumu muda gani na zibadilishwe lini. Ukamjibu kwamba hakuna muda mmoja kwa watu wote. Anayepiga kila siku zitamwishia mapema, anayepiga Idi kwa Idi zitamfikisha mbali. Jasho na hewa ya chumvi huzila, kwa hiyo mtu azipanguse kwa kitambaa kikavu kila amalizapo kupiga, na wako hata wanaozichemsha. Akiona zimeota kutu, au hazikai kwenye sauti, au mlio wake umefifia, basi ajue zimekufa, na abadilishe zote pamoja. Ukaishia hapo.

Wewe uliishia hapo, Bwana Mhariri. Mimi ndipo nilipoanzia.

Mimi ni kibarua wa mbata, mtu wa Tunduru. Nimesoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Mchana napasua nazi mpaka mgongo unakataa kuitwa mgongo, jioni napiga gitaa. Kwa gitaa hilo nimemposa Somoe binti Hemedi. Katika kisiwa hiki sina shamba, sina ngalawa, sina hata mjomba wa kunisemea. Nina nyuzi sita tu. Zikinyamaza hizo, mimi ni Mbara mwenye mikono ya mafuta kama Wabara wengine, na posa yangu imekwenda na maji. Kwa hiyo haya ninayoyaandika si mzaha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jibu lako lilisomwa kwa sauti. Karani wetu wa mizani, Hamoud, ndiye mwenye gazeti, naye hutusomea penye tanuri la mbata wakati tunakula mihogo. Alipofika kwenye "zimekufa", watu wote waliacha kutafuna wakanigeukia. Inakupasa ujue kwamba hapa kwetu waya mzuri wa chuma ni adimu, na una kazi zake. Mvuvi anayemtaka nguru hufunga kipande cha waya juu ya ndoana, maana nguru ana meno, mshipi mtupu anaukata kama utando wa buibui. Mwenye duka anautaka wa kukatia miche ya sabuni. Zamani waliona haya kuniomba. Sasa gazeti limewapa hukumu. Tangu siku ile sina wasikilizaji, Bwana Mhariri, nina warithi.

2. Mrithi mkubwa ni Mzee Hemedi, babake Somoe, mvuvi. Kila jioni namwamkia shikamoo, naye hunijibu, "Marahaba, mwanangu. Wagonjwa wanaendeleaje?" Wagonjwa ni nyuzi zangu. Nikisema hawajambo, anainama, anaudonoa uzi wa kwanza kwa ukucha, anatega sikio, anatikisa kichwa, na kusema, "Tumwachie Mungu." Juzi alikuja na kijiti akaupima uzi wa pili ungali umefungwa kwenye gitaa. Mimi nakuuliza, wewe ukiwa umelala kitandani unakohoa, akaja mtu kukupima sanda, utapata nafuu?

3. Ulisema zipanguswe kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikavu Mafia kiko wapi? Hapa hata chumvi yenyewe hulowa.

4. Ulisema pia wako wanaozichemsha majini, zikarudiwa na uhai kwa siku kidogo. Nikazichemsha. Sufuria ilikuwa ya Bi Kijakazi, mwenye nyumba ninayolala, ambaye ni dada yake Mzee Hemedi. Niliiosha, wallahi niliiosha. Lakini wali wa siku ile ulitoka na rangi ya matofali, na wageni wake wakauliza hii ni pilau ya nini. Bi Kijakazi akasimama mlangoni mwangu na mwiko. "We Twaibu! Nimekupa chumba ulale, ukaona na sufuria yangu uichemshie supu ya kinanda? Huko kwenu Tunduru ndivyo mnavyokula?" Nikamwambia gazeti ndilo limesema. Akasema gazeti lije lisugue sufuria. Nafikisha ujumbe.

5. Ulisema zibadilishwe zote pamoja. Sawa. Nikaenda kwa Muhsin mwenye duka Kilindoni, nikamwagiza nyuzi mpya za chuma kutoka Dar es Salaam. Mzigo ulipofika akaniita kwa furaha, nikakuta boksi la nyuzi za cherehani, nyekundu, buluu na kijani. Nikamwambia, "Hizi ni za kushonea." Akanijibu, "Ulisema nyuzi. Sasa hizi si nyuzi? Ni mikate?" Ningelisamehe jambo hili kama huyo Muhsin asingekuwa ndiye yule anayeutaka uzi wangu mwembamba wa kukatia sabuni. Simsingizii mtu. Nasema tu kwamba daktari wangu na mchimba kaburi wangu ni mtu mmoja.

6. Hukumu yako imetoka kwenye gitaa ikaingia kwa watu. Bi Nunu, jirani yetu, alimtangazia mumewe mbele ya wakwe kwamba sauti yake imefifia, hakai kwenye neno lake, na kichwani ameota kutu, kwa hiyo kwa mujibu wa gazeti abadilishwe. Mume akajitetea kwamba gazeti limesema zote pamoja, basi na mama mkwe aondoke. Kesi hiyo bado inaendelea. Sisi vibarua nasi tukaona tupate faida. Tukamwendea mnyapara tukamwambia kwamba hata sisi jasho na chumvi vimetula, migongo haikai sawa, sauti zimefifia, basi turudishwe kwetu tukapumzike, waje wapya. Mnyapara akacheka mpaka akashika mnazi. Akasema, "Uzi una thamani, unatoka Ulaya. Nyie mnatumika mpaka mkatike." Neno hilo limenikaa. Tangu nilisikie nimekuwa nikiwapangusa wenzangu kwa kitambaa jioni, lakini sioni mabadiliko.

7. Nilikwenda bomani kushitaki. Askari wa mlangoni akaniuliza shauri langu ni la mtu, la mali au la mnyama. Nikasema ni la nyuzi. Akaniambia shauri la nguo ni kila Alhamisi.

8. Hili ndilo zito kuliko yote. Somoe hajanikubali wala hajanikataa. Alimtuma shangazi yake, huyo huyo Bi Kijakazi wa sufuria, aniambie hivi: "Mwambie Twaibu nitampa jibu siku ule wimbo wake utakapokwisha." Maneno mazuri, mepesi. Nimeutunga wimbo huo mwenyewe, una beti kumi na mbili, zote zinamsifu yeye ila moja inayosifu mihogo ya shangazi. Basi kila jioni nakaa barazani kwa Mzee Hemedi nauanza, na kila jioni, kabla sijafika nusu, mzee anainua mkono na kupiga kelele, "Huo umefifia! Mmesikia? Huo umefifia!" Hamoud anasema bado una roho. Muhsin anasema ni roho inayotoka. Wanabishana, wanasukumana, wananinyang'anya gitaa walisikilize tumbo. Wimbo haukwishi. Na usipokwisha, sipewi jibu. Umeona sasa, Bwana Mhariri, jinsi mstari wako mmoja ulivyoniwekea mwanamke ng'ambo ya ukuta?

Kwa sababu hizo naomba kwa adabu yafuatayo.

Kwanza, uchape masahihisho kwamba uzi wa gitaa hauwi maiti mpaka mwenyewe akubali. Mwenye gitaa ndiye anayelala nalo, yeye ndiye anayejua.

Pili, itangazwe kwamba anayetarajia kurithi uzi hana ruhusa ya kutamka kifo chake. Masheikh wetu wametufundisha kwamba muuaji harithi. Na mtu anayemkera mpigaji mpaka anapiga vibaya, kisha akasema uzi umekufa, huyo ndiye aliyeuua.

Tatu, Serikali ituletee Bwana Nyuzi, kama ilivyotuletea Bwana Shamba. Awe na kofia ngumu na sikio zuri, azunguke kisiwa kizima, kuanzia kwetu mpaka Bweni, akivipima vinanda na kuvipa vyeti.

Nne, uzi uliokufa kwa cheti uzikwe, tena chini ya mnara wa taa kule Bweni, askari akilinda, ili asije mtu akaufukua na kuutia ndoana.

Tano, ikiwa hayo ni gharama, iko njia rahisi zaidi. Wewe mwenyewe umekiri kwamba mharibifu ni hewa ya chumvi. Chumvi inatoka baharini. Basi bahari iondolewe. Sisemi yote, mimi si mtu wa kupita kiasi. Isogezwe tu mbali na Miburani, mahali ambapo harufu yake haifiki. Bahari ikiondoka, nyuzi hazitaota kutu, na papo hapo nguru naye hatakuwepo, basi waya hautakuwa na kazi na Mzee Hemedi atakaa asikilize wimbo kama Waislamu wengine. Sioni kwa nini wenye elimu hawakulifikiria hili kabla yangu.

Nategemea busara yako. Wasalimie wapanga herufi wote, na yule anayekunja magazeti, na wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo. Msomaji wa Tanga simsalimu kwanza. Hapa wote wazima, nyuzi zikiwemo.

Ni mimi mwenye kudhulumiwa, mpole wako,
Twaibu Mkumba, kibarua wa mbata.

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado kwangu, nangoja mtu wa kuipeleka posta, yakatokea mambo. Jana jioni barazani, ubeti wa tano, uzi wa kwanza ulikatika wenyewe, tena ukanichapa shavu. Hakukuwa na ubishi. Mzee Hemedi alisema innalillahi, akaniinamia kunipa pole, na aliposimama uzi ulikuwa mfukoni mwake. Leo asubuhi amerudi na nguru mrefu kama mlango. Miburani nzima imekula, na mimi nimepewa kichwa, na mzee ameniita mkwe kabla hajanawa mikono.

Somoe naye ameleta jibu. Amenikubali. Anasema alinikubali tangu zamani, ila nyuzi zile zilikuwa zinamtia ganzi ya meno, na aliposema wimbo ukwishe hakuwa na maana ya kufika ubeti wa kumi na mbili. Alikuwa na maana ya kwisha.

Zile tano zilizobaki nimezitoa mwenyewe kwa hiari, na kesho sipasui nazi, natoka na baba mkwe. Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu uyafute, na bahari iachwe ilipo. Ila waya nao, kumbe, nguru huupinda, hauwezi kutosha hadi harusi. Kule Baleni yuko mpiga gitaa mmoja anaitwa Shaibu, mtu mbishi sana, ana nyuzi sita nzuri, na kila tukimwambia zimefifia anadai bado zi hai. Tafadhali lirudie lile jibu lako la Tanga, kwa herufi kubwa, ukurasa wa mbele, na uongeze kwamba mwenye gitaa huwa wa mwisho kujua.