Shikamoo ya Mita Mia Mbili

Ndugu Mwenyekiti wa Klabu ya Kuogelea,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo, na mama yako ambaye nasikia magoti yamemwachia kidogo. Mimi mzima, ila maji yamenifika shingoni, na safari hii sizungumzii bwawa.

YAH: OMBI LA KUMWONDOA WIFI YANGU KATIKA RIKA LANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu, na usikiache kikakaa mezani kama barua zangu mbili zilizopita kuhusu sabuni ya bafuni.

Kama unavyojua, mimi ni mkunga mstaafu na bingwa wa mashindano ya wakongwe, wanawake wa miaka sabini hadi sabini na nne, katika mitindo yote minne na masafa yote, kuanzia mita hamsini hadi mia nane. Wenye midomo yao husema ninashinda kwa sababu rika hilo lina mimi peke yangu. Sikatai. Lakini kubaki peke yako katika rika si bahati, ni jasho. Wenzangu wote walikuwa na nafasi ile ile ya kuvaa kofia ya mpira na kuingia majini alfajiri, wakachagua kulala. Medali zangu nimezitundika jikoni, juu ya jiko, na mgeni akiomba maji ya kunywa nampeleka akajichotee mwenyewe ili azione.

Nakukumbusha pia, bila nia ya kukushurutisha, kwamba mimi ndiye mtu wa kwanza hapa duniani kukushika miguu. Ulitoka umekunja ngumi, ukaanza kulia kabla hujaguswa, nami nikamwambia mama yako huyu atakuwa mwenyekiti wa kitu. Sasa sikiliza malalamiko yangu.

1. Wifi yangu amefikisha miaka sabini makusudi.

Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Kwa miaka mingi alikuwa na umri wa sitini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyethubutu kukiuliza. Wajukuu zake walikatazwa kumwita bibi, wakawa wanamwita anti mbele ya watu. Mwaka jana aliogelea katika rika la chini yangu, naye akiwa peke yake, akachukua dhahabu zake, nami nikachukua zangu, tukarudi nyumbani kila mtu kifua mbele. Huo ndio ujirani mwema. Mwaka huu amekwenda mwenyewe kwa katibu wa klabu, akatoa cheti cha kuzaliwa ambacho hata kaka yake hakuwahi kukiona, akataka kisomwe kwa sauti. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu kwamba kule chini hakuwa na mtu wa kumwamkia. Weka maneno hayo akilini, nitayarudia.

Mwenyekiti, nilipokuwa peke yangu nilikuwa wa kwanza. Sasa tuko wawili, na katika watu wawili, wa pili ndiye wa mwisho. Mimi sijawahi kuwa wa mwisho na sina umri wa kuanza kujifunza.

2. Nilimfundisha mwenyewe.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kinaanika nguo zake kwenye kamba yangu. Wifi alikuja msibani na kifuko kidogo, cha mtu anayerudi kesho, na hajarudi. Wala sikumwambia arudi, maana nyumba ilikuwa imenyamaza kupita kiasi na yeye hajui kunyamaza. Nikawa namchukua bwawani anishikie taulo, kazi aliyokuwa akiifanya kaka yake. Alishika taulo kwa muda, kisha akaniambia, "Wifi, mbona hilo jambo unalolifanya humo linaonekana dogo tu?" Kwa hasira nikamfundisha kupumulia puani ndani ya beseni la kufulia, nikiwa na hakika kwamba atachoka. Hakuchoka. Alimaliza beseni akaomba bwawa.

3. Kocha ana upendeleo.

Ratiba yangu ya mazoezi niliipanga mwenyewe. Jumatatu ni mtindo huru, masafa marefu. Jumanne naogelea chali. Jumatano mtindo wa chura, Alhamisi kipepeo, Ijumaa nachanganya yote, na Jumamosi mgongo wangu unanieleza makosa ya wiki nzima. Wifi anaifuata ratiba hiyo hiyo, katika leni ya pembeni yangu, kama kivuli chenye kofia ya maua. Kocha, badala ya kumkemea, anamsifu. Kwake husema, "Una miguu mizuri, mama." Kwangu husema, "Una moyo, mama." Mwenyekiti, mimi nimekaa wodi ya wazazi maisha yangu yote ya kazi. Mzazi tulimwambia ana moyo pale tulipokuwa hatuna kingine cha kumwambia.

Kuhusu kipepeo changu, ni kweli kwamba mwokoaji wa bwawa amewahi kunirukia mara kadhaa akidhani nazama. Nilimweleza kwa maandishi kwamba ule ni mtindo. Wifi akiogelea kipepeo, mwokoaji hukaa kitini na kupiga miayo. Ng'ombe hazeeki maini, lakini wengine tunaonekana tumezeeka mikono.

4. Wifi anatumia heshima kama silaha.

Hapa ndipo penye kidonda. Mita mia mbili za mtindo wa chura ndizo mbio zangu za roho. Katika mtindo huo kichwa hutoka majini kila unapovuta mikono, ukapata pumzi, ukazama tena. Sasa wifi, kila anapokaribia kunipita, husubiri vichwa vyetu vitoke pamoja, akanigeukia kwa tabasamu na kusema, "Shikamoo, wifi."

Mimi ni mke wa kaka yake mkubwa. Nimelelewa. Siwezi kuacha salamu ielee. Nafungua mdomo kusema marahaba, na neno hilo, Mwenyekiti, lina mdomo wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Maji yanaingia yote. Mimi nakohoa, yeye anapita. Ukutani tunageuza, namkaribia, nami nimeanza kupata nguvu, anatoa kichwa, "Umeamkaje, wifi?" Nikimjibu salama, anauliza habari za mguu. Nikimjibu mguu, anauliza kama nilizima jiko. Jumatano iliyopita nilisimama katikati ya bwawa nikijaribu kukumbuka kama nilizima jiko. Nilikuwa nimelizima, naye alikuwa ameshafika.

Nilimshtaki kwa kocha. Kocha akasema mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuwa na adabu. Nilimshtaki wifi kwa wifi mwenyewe, tukiwa mezani, akanimiminia chai na kunijibu, "Wifi, heshima si utumwa. Nikupite kimya kimya kama nimeona gogo?" Nikanywa chai. Hata hiyo chai aliikoroga vizuri, jambo lililozidi kuniudhi.

5. Hoja yenyewe.

Nimeifikiria kwa utulivu na sioni pa kuipinga. Shikamoo hutolewa na mdogo kwa mkubwa. Watu wa rika moja huulizana habari, basi. Kwa hiyo, kila wifi anaponiamkia mbele ya kocha, mwokoaji na wanachama, anakiri kwa kinywa chake kuwa yeye si rika langu. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, mdomo wake unasema vile, na mdomo ndio ulio hai. Anayemwamkia mwenzake ni mdogo wake, na mdogo arudi katika rika la chini, ambako tangu alipotoka nasikia hakuna mtu hata mmoja, na dhahabu zote zinamsubiri.

Kwa hayo naiomba kamati yako ichague moja kati ya haya:

(a) Itangaze kwamba atakayetoa shikamoo ndani ya maji ashushwe rika papo hapo, kabla hajagusa ukuta.

(b) Ikishindikana, ipige marufuku salamu zote bwawani, na mwamuzi apulize filimbi akisikia hata pole.

(c) Ikishindikana pia, iunde rika jipya la wakunga wastaafu, wajane, wenye miaka sabini na kuendelea, ambao waume zao walikuwa na dada mmoja tu. Nimepitia wanachama wote kichwani na nadhani ningekuwamo peke yangu, lakini hilo lisiwe kigezo.

Mashindano yamekaribia, na sitaki kusimama kwenye kile kijukwaa nikiwa chini ya mtu anayetumia shampuu yangu. Maji nimekwisha kuyavulia nguo, na kuyaoga nitayaoga, ila nataka niyaoge nikiwa mbele.

Nisalimie katibu, kocha pamoja na miguu mizuri anayoijua yeye, mwokoaji, yule mama wa kufagia vyumba vya kubadilishia nguo ambaye pekee ndiye hunipigia makofi, na wanachama wote wanaoamka mapema. Mama yako mwambie nitapita kumkanda magoti.

Ni mimi, niliyekupokea ukiwa huna nguo wala cheo,

Mkunga Mstaafu, Leni ya Tatu

Tanbihi: Barua hii niliiweka kwenye mkoba wa kuogelea ili nikupe leo asubuhi. Nilikukosa, nikaona nifanye mazoezi kwanza. Ndiyo maana karatasi imelowa, na ndiyo maana naongeza haya.

Leo katika mita mia mbili wifi alikuwa mbele yangu kidogo, na sijui ni shetani gani aliyenipitia, vichwa vyetu vilipotoka pamoja nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Shikamoo, wifi." Alishtuka. Akafungua mdomo wote, "Marahaba," akanywa bwawa zima. Alishika kamba ya leni akikohoa, nami nikampita. Nikagusa ukuta nikiwa wa kwanza, kisha nikageuka haraka, kwa sababu kikohozi kilikuwa kimekatika na mimi kikohozi kikikatika ghafla naogopa.

Alikuwa anacheka. Alikuja polepole, kofia imemwendea upande, akaniambia, "Kumbe umejua. Mbio za utotoni zote nilimshinda kaka kwa shikamoo, wifi. Alikuwa akisimama kabisa ili aitikie. Ameingia kaburini anajua alikuwa na mdogo mwenye adabu."

Miaka yote ile nilimsikia marehemu akimsifu dadake kwa adabu. Nilicheka mpaka nikazama, nikalia nikiwa humo humo, na mwokoaji akaruka. Safari hii sikumlaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, namba moja hadi tano zifute. Salamu zibaki, kwa kuwa sasa nazijua. Ila kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Kwa hoja yangu mwenyewe, aliyemwamkia mwenzake ndiye mdogo, na mashahidi walikuwepo. Mtu akikuletea habari kwamba napaswa kushushwa rika la chini, usimsikilize. Huko hakuna mtu. Tupange leni ya tatu na ya nne, kama kawaida.