Kazi za Nyumbani Zinavyoniharibia Ugomvi

Boniphace Werema,
Buhare, Musoma.

Kwa Mkuu wa Shule,
Mwalimu Wambura,
Shule yetu ya Sekondari ya Kata.

YAH: WANAFUNZI KUSAIDIANA MASWALI NA KUVURUGA UGOMVI HALALI WA WAZAZI

Mheshimiwa Mwalimu,

Pole na majukumu, na pole zaidi kwa uhaba wa walimu. Mimi ni baba yake Rhobi wa Kidato cha Tatu, yule mrefu anayekaa dirishani. Sijawahi kukusumbua kwa barua. Vikao vya wazazi nimehudhuria, na ambavyo sikuhudhuria nilimtuma mke wangu Hilda, ambaye huuliza maswali mengi kuliko mimi. Naomba basi nisomwe kama mzazi mwema, si kama mtu wa vurugu.

Kwanza nikueleze hali ilivyokuwa kabla shule haijaingilia. Jirani yangu anaitwa Baltazari Matiko, mchuuzi wa samaki pale Mwigobero. Kati ya shamba langu na lake kuna mstari wa minyaa. Yeye anasema niliusogeza. Mimi nasema minyaa haina miguu. Ugomvi huu tuliuanza Rhobi akiwa bado ananyonya, na tumeutunza vizuri. Baraza la kata limeushindwa, katekista ameushindwa. Kanisani tukiambiwa tupeane amani, mimi huwapa wa mbele yangu na yeye huwapa wa nyuma yake. Kukiwa na msiba mtaani, yeye hukaa na wapasua kuni na mimi huenda na wachimba kaburi. Kila mtu alijua mahali pake, na mtaa ulitulia. Ndipo ikaja hiyo kazi ya nyumbani, ambayo watoto wanaiita homuweki. Malalamiko yangu ni haya:

1. HISABATI. Baltazari ana binti, Getruda, anayesoma darasa moja na wangu. Tangu mwalimu wa Hisabati ahamishwe bila kuletwa mwingine, Getruda ndiye anayeijua Hisabati, na Rhobi ndiye anayejua Kiingereza kilichotumika kuandika hiyo Hisabati. Badala ya kila mmoja kukosa kwao kwa heshima, kama tulivyokosa sisi tuliowazaa, wameamua kusaidiana. Getruda ametoboa tundu kwenye minyaa. Nililiziba kwa miiba. Kesho yake lilikuwa kubwa zaidi, na miiba yangu imepangwa pembeni kwa adabu.

Afadhali angekuwa mtoto mtukutu, ningemfukuza. Lakini akishapenya tu: "Shikamoo baba." Mwalimu, shikamoo ya mtoto huwezi kuiacha ikaanguka chini. Nimeitikia marahaba jioni baada ya jioni, na naamini marahaba hizo zinavuka minyaa na kufika kwa baba yake bila idhini yangu.

2. BAYOLOJIA. Waliagizwa wachore samaki na kuonyesha sehemu zake. Nilidhani watachora kutoka kitabuni, kumbe kitabu ni kimoja na kinakaa ofisini kwako. Getruda akaja na sato mzima, mnene, kwenye sahani ya kwao, kutoka kwa baba yake. Wakamchora, wakamfunua matamvua, wakamnyoosha mapezi. Mimi nilikuwa Iringo kwa fundi wa baiskeli. Niliporudi nikakuta ugali na mchuzi wa sato. Nikala, nikaramba vidole, nikamsifu mke wangu.

"Umemtoa wapi huyu?" nikauliza.

"Ni wa Bayolojia," akasema Hilda, bila kunitazama.

Nikauliza Bayolojia ni nani. Nilipojibiwa nilikuwa nimekwisha kumeza. Hivyo ndivyo nilivyokula samaki wa adui yangu kwa kisingizio cha elimu. Na kwa kuwa sahani ya mtu hairudi tupu, Hilda aliirudisha ikiwa na mihogo, tena aliing'oa kule kule mpakani. Nasikia Baltazari aliisifu.

3. FIZIKIA. Sina lalamiko. Hakuna mwalimu, hakuna swali, hakuna madhara. Masomo yote yangeendeshwa hivi, sisi majirani tungeendelea kununiana kwa amani.

4. JIOGRAFIA. Hapa niliumia. Waliambiwa wapime eneo lililo karibu na nyumbani, walichore ramani. Katika Buhare yote, na mawe yake yote, watoto hawa wakachagua mpaka wangu! Upepo wa ziwani ulikuwa mkali, futi kamba inapepea, wakahitaji watu wazima wa kushika ncha. Getruda akamwita baba yake, Rhobi akaniita mimi.

Sikwenda kusaidia, naomba ieleweke. Nilikwenda kuhakikisha Baltazari havuti. Na yeye, nilimwona machoni, alikuja kuhakikisha mimi sivuti. Tukasimama tumetazamana, kila mtu na ncha yake, huku watoto wakitupa amri: "Baba, nyoosha! Baba Getruda, usilegeze!" Tukanyoosha. Wapita njia wakaona. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani akapiga vigelegele bila kuuliza kuna nini. Kabla jua halijazama, Mwigobero nzima ilikuwa inajua kwamba tumepatana, na Baltazari akapewa hongera na wateja ambao hata samaki hawakununua.

Kipimo chenyewe ndicho kilichotuvunja nguvu. Ardhi tuliyoipelekea kesi barazani haimtoshi mtu mzima kulala chali bila mkono mmoja kutoka nje. Rhobi aliandika kipimo, akaniangalia, akaanza kukunja futi kamba. Ningependa angesema neno. Na mwalimu wako alipoirudisha ile ramani, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Mpaka hauonekani."

5. URAIA. Hili unalijua, lakini naliandika ili ulione kutoka upande wa benchi.

Swali lilisema: taja njia nne ambazo watu wa jamii yako hutumia kutatua migogoro. Rhobi aliniuliza mimi, nikamjibu huku nanoa panga. Getruda alimuuliza baba yake kwao. Siku hiyo mvua ilinyesha hata tundu la minyaa halikupitika, kwa hiyo watoto hawakuonana. Lakini majibu yakafanana neno kwa neno. Mwalimu wa Uraia akasema wamenakiliana. Tukaitwa sote wawili, na barua za kuwasimamisha masomo zilikuwa tayari mezani kwako. Ukatukalisha kwenye benchi moja. Neno la kwanza nililomwambia Baltazari kwa miaka yote hiyo lilikuwa: "Sogea."

Ukauliza nani amenakili kwa nani. Baltazari akasimama. "Mwalimu, hayo majibu ni yangu. Mtoto aliniuliza mimi, nikamwambia aandike."

Sikuweza kuvumilia. "Ni yangu! Huyu ameyatoa wapi?"

"Ya kwako ya wapi, Baba Rhobi? Mimi nilikuwaga nasema hivyo hivyo kila siku!"

Ndipo ukachukua karatasi ukatusomea kwa sauti. Ya kwanza, kunyamaza. Ya pili, kutumiana watu. Ya tatu, kwenda baraza la kata. Ya nne, kungoja mmoja afe.

Watoto walikuwa wamesimama mlangoni wameshikana mikono, na wangu alikuwa analia bila kutoa sauti, kama anavyoliaga mama yake. Baltazari akakaa. Akasema polepole, kama anaongea na sakafu: "Hiyo ya nne nilisema kwa hasira."

Mimi, Mwalimu, sikuwa na hasira niliposema yangu. Nilikuwa najibu swali tu. Hilo linanisumbua mpaka leo, na lawama naiweka kwa shule, kwa sababu shule ndiyo iliyouliza.

Ulizichana zile barua, ukawarudisha watoto darasani. Nashukuru. Lakini sisi ukatuachia njia moja ya kurudi Buhare. Baltazari akatangulia, nami nikabaki nyuma kwa makusudi. Akapunguza mwendo, nikapunguza. Mwishowe tukawa tumesimama wote wawili barabarani kama ng'ombe waliogomea mto.

Akasema, "Baba Rhobi, dagaa wamekuwa shida siku hizi."

Nikasema, "Mbalamwezi."

Neno moja tu, Mwalimu, maana mwezi ukiangaza dagaa hawafuati taa za wavuvi. Lakini neno moja likishatoka, mengine hayaombi ruhusa. Tulipofika kwenye minyaa tulikuwa tumekwisha kujadili dagaa, ugonjwa wa mihogo, na padri mpya anayehubiri mpaka watu wanasinzia. Nilipoingia ndani Hilda aliniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia barabara ni mbaya.

6. Najua watu watasema Boniphace anamnyima mtoto elimu. Hapana. Mimi nafikiria urithi. Ng'ombe wa marehemu baba walikwisha. Shamba, ukubwa wake sasa umechorwa na walimu wako wanaujua. Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakijapungua ni ugomvi huu, na nilitarajia Rhobi aupokee ukiwa mkubwa kuliko nilivyouanza. Juzi nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Baba, mimi na Getruda tuna mtihani." Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Sasa nitamwachia nini?

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kila mtoto apewe maswali yake peke yake, yasiyofanana na ya jirani. Iwe marufuku mwanafunzi anayejua kumweleza asiyejua, isipokuwa kama wazazi wao wanasalimiana. Maswali ya Uraia yahusu nchi za mbali ambako hatujulikani. Na zaidi ya yote, tafadhali tafuta mwalimu wa Hisabati na wa Fizikia. Waombe huko juu, waandikie, wapigie simu. Watoto hawa wanasaidiana kwa sababu hakuna mtu mzima anayewasaidia. Darasa likipata walimu wa kutosha, kila mtoto atabaki kwao, tundu litaziba lenyewe, na chuki itarudi mahali pake.

Kama hilo haliwezekani, basi angalau nielezwe kwa maandishi kwamba serikali, iliposhindwa kuleta walimu, ilikuwa na mpango wa siri wa kuwapatanisha wananchi. Hapo nitanyamaza.

Nisalimie walimu wote, hata yule wa Jiografia, na umwambie mpaka unaonekana ukisimama upande wangu. Msalimie mlinzi wa getini, mama wa uji, na mwalimu wa Hisabati popote alikohamishiwa, akikumbuka kwamba yeye ndiye aliyeanzisha haya kwa kuondoka. Hilda anakusalimu. Rhobi unaye huko, salamu zake utazipata mwenyewe.

Ni mimi mzazi niliyejeruhiwa na elimu,

Boniphace Werema.

N.B. Nasikia shule inakaribia kufunga. Naomba kazi za likizo zitolewe mapema, ziwe nyingi, na ziwe ngumu kiasi cha kuwashinda watoto. Hasa Historia, ambayo mimi na Baltazari bado hatujaigusa, naye anadai ananizidi. Likizo ndefu bila swali hata moja itatushinda, maana siwezi kwenda kwake bila sababu.