Kandili Nane za Hezroni

Siku ya gulio hapa Same, Iddi Gazeti alifika kwenye benchi la Sefu muuza kahawa na habari mpya: Bwana DC kapanga taa pande zote mbili za njia ya bustani yake, kuanzia getini hadi barazani. Iddi hajui kusoma, ila hakuna habari ya mji huu isiyoanzia kwake.

"Hata mimi Jumamosi nawasha zangu," akadakia Hezroni, tunayemwita Signali kwa kuwa ndiye anayesafisha taa za reli pale stesheni. "Kandili nane. Nne kulia, nne kushoto."

"Unamsubiri Gavana?"

"Namsubiri mke wangu."

Mkewe, Kaanaeli, yuko kwao Suji, huko mlimani, mwezi wa pili sasa, tangu alipoteguka mguu kwenye korongo linalokata njia ya kuingia kwa Hezroni. Mama yake katuma neno kwamba hamrudishi hadi njia ile ipitike. Hezroni amekonda, nami namwonea huruma, ingawa siku hiyo nilicheka kuliko wote.

"Usituletee zile za stesheni," Sefu akasema akigonganisha vikombe. "Mama mkwe akiona nyekundu atasimama hapo hapo hadi umpepee bendera."

"Na akiona kijani," Iddi akaongeza, "anapitiliza hadi Moshi."

"Chekeni tu. Mlango wangu utaonekana mpaka barabara kuu."

"Ndio ubaya wenyewe," nikamwambia. "Wewe Mpare au uliokotwa kwenye behewa? Mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Siku zote giza ndilo limewasitiri. Ukimulika njia nzima, yule mama apite wapi, juu ya paa?"

Hezroni akashika kichwa. Kumbe hilo hakuwa amelifikiria.

"Zima nne za kushoto, apite huko," Iddi akashauri.

"Kushoto ndiko korongo lilikoanzia."

"Basi washa zote, wewe ukajifiche bandani kwa mbuzi."

"Niwashe taa nane kumpokea mke wangu, halafu mimi nikalale na beberu?"

"Beberu hana mama mkwe. Utajifunza amani."

Sefu akakohoa. "Signali, mama mkwe wako huyo anakuja."

Alikuwa anatoka gulioni, mkungu wa ndizi kichwani. Hezroni akajitupa nyuma ya gunia la mkaa, miguu yote nje. Mama naye akavuta kanga usoni na kutugeuzia mgongo, kama desturi inavyotaka.

"Shikamoo mama," tukasema.

"Marahaba wanangu. Sefu, baba, asubuhi nimepita kwa mtu mmoja, nikakuta vigingi vinane vimechomekwa njiani. Hebu niulizie, ni vya nini?"

Sefu akaliuliza gunia. Gunia likajibu, "Mwambie mama, vya kutundikia taa."

Sefu akalifikisha jibu, safari ya hatua mbili.

"Na lile korongo?"

Gunia likavuta miguu ndani. "Mwambie taa mbili ni za kulimulika."

"Mwambie mwanangu alitumbukia saa sita mchana."

Akaweka mkungu wake sawa, akashika njia ya mlimani.

Hezroni akatoka mweusi tii kwa mkaa, akatutazama mmoja mmoja. "Nani ana sururu?"

Iddi akakumbuka ana mgonjwa Gonja. Sefu akakumbuka maji yake yako jikoni. Mimi nilichelewa kuinuka.