Karambu Anasoma Nini?

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Karambu anasoma riwaya. Tangu nimuoe sijamwona akisoma kitu kirefu kuliko maelezo ya dawa. Ameazimwa na Tiya, anayeuza vitambaa karibu na duka langu la magodoro. Alipoingia kuoga, nikaichungulia. Ya mapenzi! Mwanamke wa makamo anamwachia mumewe sufuria na funguo, anasafiri kwenda "kujitafuta". Kwani alipotea lini? Njiani anakutana na dereva mpole. Hapo maji ya bafuni yakakatika, nikairudisha haraka. Nimemuuliza inahusu nini. Amesema safari. Hakuniangalia usoni.

Jumanne, 12 Agosti
Ameomba likizo kazini. Amenunua begi la magurudumu! Ijumaa anaenda Biliqo na Tiya, kwa mamake Tiya, wapumzike na wanywe maziwa ya ngamia. Ndivyo anavyosema. Gari ni la Umuro, binamu yake Tiya. Dereva! Nimeenda stendi kumpeleleza, nikijifanya nauliza nauli. Amenisalimu salaam aleikum, amenipangusia kiti, ameuliza kama nimekunywa chai. Mpole kabisa. Nimerudi dukani mbio.

Jumatano, 13 Agosti
Mbinu ya kwanza: niwe kama yule dereva wa riwaya. Yeye hufunga skafu shingoni, haongei, hutazama mbali. Nikafunga skafu, nikakaa mbele ya duka nikatazama mbali. Joto la kuua. Mteja wa godoro amenipita, akanunua kwa jirani. Jioni Karambu ameuliza kama shingo inaniuma, akanipaka dawa ya kuchua. Mikono yake bado ni ile ile. Nikiachwa na huyu mwanamke nimekwisha, naandika wazi. Alitaka kuniambia jambo kuhusu Ijumaa. Nikatazama mbali mpaka akaacha.

Alhamisi, 14 Agosti
Mbinu ya pili, ya watu wazima. Mzee Kiambi ni wa ukoo wa babake Karambu, na akimkataza safari atatii. Ila kwa mzee huendi mikono mitupu. Nikamwambia mama wa miraa anifungie kitu cha heshima cha kupeleka kwa mzee Mmeru. Akaniangalia kwa kicheko, akauliza kama nina uhakika. Nikasema heshima yote! Akakifunga kitita kwa majani ya mgomba, akakaza kamba, kikapendeza. Mzee hakuwepo. Nimemwachia mkewe, nikamwambia haja yangu mzee ataijua tukionana. Mama wa watu akapiga kigelegele. Hawa wanapenda miraa kupita kiasi.

Ijumaa, 15 Agosti
Balaa! Asubuhi, gari likingojwa, Mzee Kiambi ameingia na wazee wawili wenye kofia. Karambu akawapa chai. Mzee akakohoa.

"Mwanangu, miraa yako tumeipokea. Kinanu amekuja likizo kutoka Kulamawe, tutamuuliza."

Kinanu ni binti yake, mwalimu, hajaolewa. Karambu akauliza ni miraa gani. Mzee akashangaa, akaeleza: kile kitita cha majani ya mgomba, cha kuposa. Kumbe! Mimi nimezaliwa hapa mjini, miraa naijua ya kutafuna tu. Nikisema nimekosea, nitaulizwa nilitaka nini kwa mzee. Halafu itajulikana nilisoma riwaya yake na kumfuata dereva wake. Nikatazama mbali.

Karambu akamwongeza mzee chai, akaniuliza taratibu Kinanu atalala chumba gani.

Mara Kinanu mwenyewe mlangoni, amekunja uso. Akasema mbele ya wazee wote kwamba hataki mume wa mtu, tena anayevaa skafu kwenye joto. Karambu akacheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Ndipo nikalazimika kusema yote, mbele ya kofia zile zote. Wazee wakatazama vikombe vyao.

"Nilikuwekea kiti garini, Kubai," akasema Karambu. "Nilitaka uje na mimi. Kila nikianza kukuambia unaangalia barabara."

Umuro akapiga honi. Karambu akamshika Kinanu mkono, akampa kiti changu. Wameenda. Wazee wakabaki kumaliza chai.

Jumapili, 17 Agosti
Nyumba iko kimya. Nimepika githeri, imeungua. Nimelala upande wake wa kitanda na sioni haya kusema.

Mchana Karambu amepiga simu kutoka Biliqo. Hasira imepoa. Anasema Kinanu anamchekesha, mamake Tiya ameniulizia, riwaya hata hakuimaliza.

"Umuro anarudi huku kesho," amesema. "Panda uje. Nakungoja."

Nimelia kidogo, kwa furaha. Nimeweka mashati mawili kwenye mfuko, nimenyoa ndevu, nimeimba. Halafu Umuro naye akapiga, kwa upole ule ule, kuuliza kama nitapenda kukaa mbele.

Amejuaje kwamba naenda? Nani kamwambia? Na kwa nini kesho, si Jumanne? Kwa nini wote wanataka nitoke mjini? Mtu aliyekasirika vile hasamehi haraka hivi bila mpango.

Nimetoa mashati. Nimemwambia Umuro shingo inaniuma. Nitabaki hapa hapa Isiolo, nimchunge mke wangu vizuri.